Enzi iliyoanzia mtini: Malkia Elizabeth II na Nyeri

Elizabeth II alirithi kiti cha ufalme wa Uingereza tarehe 6 Februari 1952 akiwa Nyeri. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alikaa enzini miaka 70 na siku 214, na kati ya watawala wa nchi kubwa ambao tarehe zao zinajulikana bila utata, ni Louis XIV wa Ufaransa pekee aliyempita. Hata Kangxi, kaizari wa China anayesifiwa kwa kutawala muda mrefu kuliko makaizari wote wa nchi hiyo, alifika miaka 61 tu. Lakini Kangxi alikalia kiti akiwa mtoto asiyetimiza miaka 7, mjini Beijing, amezungukwa na maafisa wa ikulu. Elizabeth alikipata kiti chake msituni, kwenye kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya mti wa mugumo, na kwa saa kadhaa yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Alizaliwa London tarehe 21 Aprili 1926. Wakati huo hakuna aliyemhesabu kuwa malkia wa kesho. Baba yake, Albert, alikuwa mtoto wa pili wa Mfalme George V, na kwa desturi ya huko mtoto wa pili hupewa vyeo vya heshima huku kiti kikienda kwa kaka yake. Mambo yaligeuka Desemba 1936, pale ami yake, Edward VIII, alipoacha ufalme ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa ameolewa mara mbili. Albert akakalia kiti kwa jina la George VI, na binti yake wa miaka 10 akawa mrithi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Elizabeth alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi, akafundishwa kuendesha malori na kutengeneza injini. Tarehe 20 Novemba 1947 aliolewa na Philip Mountbatten, afisa wa jeshi la majini. Watoto wawili, Charles na Anne, walifuata mwaka 1948 na 1950.

Arusi hiyo ndiyo iliyomfunga na Nyeri. Serikali ya koloni la Kenya iliwatunza maarusi nyumba ya mapumziko kando ya Mto Sagana, upande wa Kiganjo, chini ya Mlima Kenya. Msomaji asiichanganye na mji wa Sagana ulioko Kirinyaga, ambao msafiri atokaye Nairobi huupita kabla ya kufika Karatina. Nyumba ilichukua jina la mto, ambao Wakikuyu huuita Thagana, na ambao ukishateremka bondeni ndio Tana. Ilikuwa zawadi ya ukarimu mkubwa, ingawa waliotoa hawakuwa wenyeji. Miaka hiyohiyo Wakikuyu wa Nyeri walikuwa wakilalamika kwamba ardhi yao imemezwa na mashamba ya walowezi na misitu ya serikali, na malalamiko hayo hayakuwa ya jana. Boma la Waingereza lilikuwapo Nyeri tangu Desemba 1902, lilipoanzishwa na afisa wa kijeshi Richard Meinertzhagen baada ya mapigano na Wakikuyu wa Tetu.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mji huo mdogo ulikuwa umegeuka mahali pa wazungu kustaafia. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alijenga nyumba ndogo katika viwanja vya hoteli ya Outspan akaiita Paxtu, na alipofariki Januari 1941 alizikwa kwenye makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini humo. Outspan yenyewe ilikuwa mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell, na mkewe Lady Bettie. Walker alikuwa mtu wa mengi: kabla ya kuja Kenya alivusha pombe ya magendo kuingia Marekani enzi za marufuku ya ulevi, kisha akaandika kitabu kuhusu biashara hiyo kwa jina la bandia. Mwaka 1932 yeye na mkewe walijenga Treetops, kibanda cha wageni juu ya mugumo mkubwa katika msitu wa Nyandarua, ambao wazungu waliuita Aberdare. Chini ya mti palikuwa na dimbwi la maji na udongo wa chumvi. Wanyama walikuja kunywa na kulamba usiku, na wageni wakawatazama kutoka juu kwa mwanga wa taa.

Kwa Wakikuyu mugumo si mti wa kujengea banda. Chini yake ndipo wazee walipotoa sadaka na kumwomba Ngai, Mungu wao, huku wameelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na mtu hakuukata ovyo. Utabiri unaohusishwa na mwaguzi Mugo wa Kibiro ulisema kwamba utawala wa wageni ungefikia mwisho siku mugumo fulani wa Thika utakapoanguka. Waliomwandalia binti mfalme malazi juu ya mugumo mwingine hawakuwaza habari hizo.

Safari ya mwaka 1952 haikuwa ya Kenya hasa. Mfalme George VI alitakiwa kuzuru Australia na New Zealand, lakini alikuwa mgonjwa. Septemba 1951 madaktari walimtoa pafu moja. Binti yake na mumewe wakatumwa kwa niaba yake, wapitie Kenya wapumzike, kisha washuke Mombasa kupanda meli iitwayo Gothic. Tarehe 31 Januari mfalme alikwenda mwenyewe uwanja wa ndege wa London kuwaaga. Kesho yake walitua Nairobi, na baada ya sherehe za huko wakapanda hadi Sagana.

Alasiri ya tarehe 5 Februari walikwenda Treetops. Mita za mwisho za safari hiyo zilitembewa kwa miguu, na siku hiyo makumi ya tembo walikuwa wameshafika dimbwini. Jim Corbett, mwindaji maarufu wa simba-marara wala watu kutoka India, aliyehamia Nyeri na kuishi katika nyumba ileile ya Baden-Powell, alikuwa amealikwa kuwa mlinzi. Corbett ameandika jinsi Elizabeth alivyopita karibu na tembo hao bila kuharakisha hatua, akapanda ngazi, akatoa kamera ya sinema na kuanza kupiga picha hata kabla ya kunywa chai. Jioni walizungumza juu ya ugonjwa wa mfalme, na binti huyo alionekana kuwa na matumaini kwamba baba yake anapona. Usiku vifaru walikuja. Corbett, mzee wa miaka 76, alikesha kwenye ngazi akiwa na bunduki.

Usiku huo George VI alifariki usingizini katika nyumba yake ya Sandringham, mashariki mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 56. Alikutwa na mtumishi wake yapata saa moja na nusu asubuhi ya huko, hivyo dakika ya kifo chake haikuandikwa popote. Kwa sheria ya Uingereza kiti hakikai wazi hata kwa pumzi moja: mfalme akikata roho, mrithi tayari ni mfalme. Elizabeth basi alianza kutawala akiwa mtini, au akitazama jua likichomoza juu ya Mlima Kenya, au akishuka ngazi kurudi Sagana. Corbett aliiandika habari hiyo katika kitabu cha wageni cha Treetops, kwamba msichana alipanda mti akiwa binti mfalme na akashuka akiwa malkia, na maneno hayo yamerudiwa mara nyingi mno na wauza safari hata yamepoteza utamu wake.

Habari ilichelewa kwa sababu ya jambo dogo la kiofisi. London ilipeleka telegramu ya siri Nairobi, lakini Gavana Philip Mitchell alikuwa ameshaondoka kuelekea Mombasa kumsindikiza mgeni wake, na kitabu cha kufumbulia maandishi ya siri hakikupatikana. Aliyewahi kujua alikuwa mwandishi wa gazeti la East African Standard aliyekuwa Nyeri kuripoti ziara hiyo. Alimweleza Martin Charteris, katibu wa Elizabeth, katika hoteli ya Outspan. Charteris akapiga simu Sagana kwa Michael Parker, msaidizi wa Philip, mume wa Elizabeth. Parker hakuthubutu kuamini uvumi. Alichukua redio, akatafuta BBC kwa sauti ya chini mpaka akasikia tangazo lenyewe. Ilikuwa kama saa tisa kasorobo mchana. Alimwamsha Philip, naye akamchukua mkewe wakatembea bustanini kando ya mto, na huko ndiko alikomwambia.

Charteris alipofika Sagana alimkuta mezani akiandika barua za kuomba radhi kwa nchi alizokuwa azizuru. Akamuuliza atatawala kwa jina gani. Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Baba yake aliacha jina la Albert alipokuwa mfalme, na watawala wa China ya zamani walipewa jina jipya la enzi walipokalia kiti, kiasi kwamba Kangxi si jina la mtu bali ni la enzi yake. Elizabeth alijibu kwamba atatumia jina lake mwenyewe.

Jioni hiyo msafara ulitoka Sagana kwenda Nanyuki, kwenye uwanja mdogo wa ndege. Wapiga picha waliombwa wasipige, na walitii. Ndiyo maana tukio hilo, moja ya makubwa zaidi katika historia ya Kenya ya kikoloni, karibu halina picha. Ndege ndogo ilimpeleka Entebbe, ambako dhoruba ya radi ilimchelewesha kwa saa kadhaa kabla ya kupanda ndege kubwa ya London. Tarehe 7 Februari alishuka ngazi za ndege akiwa amevaa nguo nyeusi, na Waziri Mkuu Winston Churchill alikuwa chini akimsubiri. Alitawazwa rasmi tarehe 2 Juni 1953.

Alichokiacha nyuma hakikuwa nchi tulivu. Chama cha siri kilichoitwa Mau Mau kilikuwa kimepigwa marufuku tangu Agosti 1950, lakini viapo viliendelea, na katika miezi ya mwanzo ya 1952 nyumba za watu walioonekana vibaraka wa serikali zilikuwa zikichomwa moto Nyeri na Nanyuki. Julai mwaka huo, umati wa watu zaidi ya 25,000 ulifurika mkutano wa chama cha KAU (Kenya African Union) mjini Nyeri kumsikiliza kiongozi wake, Jomo Kenyatta. Tarehe 7 Oktoba Chifu Mkuu Waruhiu alipigwa risasi karibu na Nairobi, na tarehe 20 Oktoba Gavana mpya, Evelyn Baring, akatangaza Hali ya Hatari. Enzi ya Elizabeth ilikuwa haijatimiza miezi 9.

Misitu miwili inayoizunguka Nyeri ikawa uwanja wa vita. Nyandarua ilikuwa chini ya Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu. Mlima Kenya ulikuwa chini ya Waruhiu Itote, aliyezaliwa Mukurwe-ini na kupigana Burma katika jeshi la King's African Rifles. Itote alijiita Jenerali China, na jina hilo ndilo lililobaki midomoni mwa watu hadi leo. Kimathi aliunda bunge la msituni, akajipa cheo cha jemadari mkuu na cha waziri mkuu, na wakati mwingine alitanguliza neno Sir mbele ya jina lake. Cheo hicho hutolewa na mfalme wa Uingereza peke yake. Kimathi alijipa mwenyewe, na kuna kejeli humo ambayo Waingereza waliokamata barua zake hawakuifurahia.

Malkia hakuiendesha vita hiyo. Katiba ya Uingereza humwachia mfalme heshima na kuwaachia mawaziri kazi, na maamuzi yalitoka kwa Churchill, kwa Baring na kwa majenerali. Lakini kila kitu kilifanyika kwa jina lake. Askari walikuwa wake, mahakama zilikuwa zake, jela zilikuwa zake. Ndege za Lincoln zilidondosha mabomu katika msitu uleule aliokuwa amelala. Kuanzia 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja waliondolewa kwenye nyumba zao zilizotawanyika mabondeni wakasongamanishwa katika vijiji vyenye mitaro na seng'enge, chini ya macho ya homugadi, walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali. Wanawake waliamrishwa kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Kwa mama wa Tetu au Othaya aliyekuwa akichimba, tofauti kati ya malkia na serikali yake haikuwa na maana kubwa.

Treetops haikusalimika. Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji waliichoma moto, mti pamoja na kibanda. Mahali ambapo enzi ilianzia palibaki majivu baada ya miaka miwili na miezi mitatu. Walker alijenga nyingine mwaka 1957, kubwa zaidi, juu ya nguzo, na hiyo ndiyo waliyoijua watalii wa baadaye.

Hatima za viongozi wawili wa msituni zilitofautiana. Jenerali China alijeruhiwa na kukamatwa karibu na Karatina Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, lakini akasamehewa kifo baada ya kukubali kusaidia mazungumzo ya kuwatoa wenzake msituni. Alifungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta, akatoka mwaka 1962, na baada ya Uhuru akawa naibu mkurugenzi wa shirika la vijana wa huduma kwa taifa. Kimathi alipigwa risasi ya mguu na kukamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu wa Tetu. Alitibiwa hospitali ya Nyeri, kisha akashtakiwa Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Kesi iliandikwa kama kesi zote za jinai za makoloni: Malkia dhidi ya Dedan Kimathi. Rufaa yake ilikataliwa, na hata baraza la mahakama la Malkia huko London halikukubali kuisikiliza. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mahali pa kaburi lake paliendelea kufichwa kwa miongo mingi. Kwa jumla watu zaidi ya 1,000 walinyongwa Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Corbett, aliyefariki mwaka 1955, amelala Nyeri karibu na Baden-Powell, na makaburi yao yana vibao vya kuwaelekeza wageni.

Himaya ilianza kukunjwa haraka. Ghana ilipata uhuru 1957, Tanganyika Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962. Kenya ilifuata tarehe 12 Desemba 1963, na Philip ndiye aliyekuja Nairobi kumwakilisha mkewe bendera ya Uingereza iliposhushwa. Mwezi huohuo wapiganaji waliokuwa wamebaki msituni walitoka na kukusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, wakiwa na nywele ndefu na silaha za kujitengenezea. Jambo ambalo Wakenya wengi hawalikumbuki ni kwamba uhuru haukumwondoa Elizabeth mara moja. Kwa mwaka mmoja mzima, mpaka nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, alikuwa Malkia wa Kenya kisheria, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald huku Kenyatta akiwa waziri mkuu. Tanganyika na Uganda zilikuwa zimepitia mwaka wa namna hiyo pia. Nyumba ya Sagana ilirudishwa kwa serikali ya Kenya, ikawa ikulu ndogo ambayo marais wote wameitumia kupumzikia na kupokelea wajumbe wa Mlima Kenya.

Sehemu kubwa ya enzi iliyobaki ni historia ya Uingereza zaidi kuliko ya Nyeri. Elizabeth alifanya kazi na mawaziri wakuu 15, kuanzia Churchill hadi Liz Truss, aliyemteua siku mbili tu kabla ya kufariki. Alishikilia Jumuiya ya Madola kama urithi wa heshima wa himaya iliyokwisha, akaitembelea Afrika mara nyingi, na Septemba 2015 akavuka rekodi ya Malkia Victoria. Novemba 1983 alizuru Kenya ya Rais Moi, akarudi Sagana, kisha akapanda tena Treetops. Mugumo wa awali haukuwapo, na msitu ulikuwa umepungua. Tembo walikuwa wamekwangua magome ya miti mingi iliyozunguka dimbwi.

Madai ya Hali ya Hatari yalirudi mahakamani London akiwa bado enzini. Wazee walioteswa kizuizini waliishtaki serikali ya Uingereza, na tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alieleza bungeni masikitiko ya serikali na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Malkia mwenyewe hakusema neno hadharani juu ya jambo hilo.

Alifariki Balmoral, Scotland, tarehe 8 Septemba 2022 akiwa na umri wa miaka 96. Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa mfungwa wa Lokitaung, aliamuru bendera za Kenya zipeperushwe nusu mlingoti. Mrithi wa malkia, Charles III, alifanya ziara ya kitaifa Kenya kuanzia tarehe 31 Oktoba 2023. Katika hafla ya Ikulu ya Nairobi alitaja ukatili uliotendwa wakati wa Hali ya Hatari na kusema unamhuzunisha na kumsikitisha sana, bila kutamka neno la kuomba msamaha. Kutoka Nairobi alikwenda Mombasa. Nyeri hakufika.